Kabla hujaomba ufadhili wa masomo ya sayansi: mambo ya kuzingatia ukiwa Dodoma

Kila dirisha la maombi linapokaribia kufungwa, steshenari za karibu na vyuo hapa Dodoma hujaa vijana wenye ufaulu mzuri wa fizikia, kemia na hisabati wanaokimbizana na karatasi. Ninaowaona wakikosa ufadhili, wengi hawakoseshwi na alama. Wameanza na kile walichoweza kukifanya wenyewe, yaani kujaza fomu na kuandika barua ya maelezo, wakaacha mwisho vile vinavyotegemea ofisi na watu wengine. Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo: anza na kinachokwenda kukaa mezani kwa mtu mwingine, kwa sababu hicho huwezi kukiharakisha kwa kukesha.

La kwanza kabisa ni jina. Toa cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kidato cha nne na cha kidato cha sita, uvipange mezani na usome herufi kwa herufi. Huku kwetu tatizo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa Kondoa ameandikwa Ramadhani darasani, Ramadhan kwenye cheti cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Athumani amegeuka Othman. Jina la babu la Kigogo limeandikwa na mwalimu kama alivyolisikia, na afisa wa NIDA naye akaliandika alivyolisikia yeye. Mwingine alisoma shule ya msingi kwa majina mawili, sekondari akatumia matatu. Kwa mtu anayekufahamu hayo ni mamoja, lakini kwa mhakiki wa maombi aliyeko Berlin au Tokyo hao ni watu wawili. Kama bado uko sekondari, kumbuka kwamba jina linalosajiliwa Baraza la Mitihani ndilo litakalochapwa kwenye cheti, kwa hiyo mzazi alihakiki kabla ya usajili. Kama umeshamaliza, muone wakili mapema akuandalie kiapo au hati ya kubadili jina kulingana na ukubwa wa tofauti, kisha kuanzia hapo tumia tahajia moja tu kila mahali, hata kwenye anwani ya barua pepe.

Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe RITA. Anayeomba mkopo Bodi ya Mikopo anahitaji uhakiki huo, na yatima anahitaji pia uhakiki wa vyeti vya vifo vya wazazi. Waliotoka kaya maskini zinazohudumiwa na mfuko wa TASAF waandae uthibitisho wake. Nalitaja hili la mkopo katika makala ya ufadhili kwa sababu mwanafunzi mwenye busara huandaa njia zote mbili kwa pamoja. Ukiegemea ufadhili peke yake na jina lako lisitoke, dirisha la mkopo huenda likawa limeshafungwa, na mwaka mzima umekwenda.

Pasipoti huonekana kama jambo la baadaye, la mtu ambaye ameshapata. Si kweli. Maombi kadhaa, yakiwemo ya ufadhili wa serikali ya China, hutaka ukurasa wa pasipoti tangu mwanzo. Pasipoti ya kielektroniki inayotolewa tangu 2018 inagharimu shilingi 150,000, na mbali na nyaraka zako utatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake. Hapo ndipo wengi wa Bahi, Chemba na Manyoni hukwama, kwa kuwa mama alizaliwa kijijini na hakuwahi kuandikishwa popote. Kiapo kinatatua hilo, ila kinataka safari na siku zake. Afadhali ufanye wakati wa likizo ukiwa nyumbani kuliko kumpigia simu mzazi atoke shambani wakati wa palizi.

Cheti halisi usikipige plastiki. Kuna nchi zinazotaka kigongwe muhuri kabla ya kukitambua, na muhuri haushiki juu ya plastiki. Kiskani kikiwa wazi, kwa rangi, bila kivuli cha simu, ukihifadhi nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe na siyo kwenye kompyuta ya steshenari.

Kwa aliyeko chuo, ipo karatasi nyingine inayochelewa: transkripti, yaani hati ya matokeo yako yote ya chuo. Iombe mara tu matokeo yanapopitishwa. Na unapojaza alama zako, taja daima kwamba kipimo chetu kinaishia 5. Kwetu GPA (wastani wa alama) ya 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, wakati Wamarekani wengi wanapima hadi 4.0. Kijana mwenye 3.8 ya Chuo Kikuu cha Dodoma akiandika namba hiyo bila kipimo anaonekana karibu amepata kila kitu, kisha transkripti inapofunguliwa anaonekana mdanganyifu. Mwenye 4.1 naye anaweza kukataliwa na mfumo, kwa kuwa kwao namba hiyo haipo. Usijibadilishie kwa hesabu yako mwenyewe. Andika 3.8 kati ya 5, na fomu ikilazimisha kipimo kingine, fuata kanuni waliyoitoa wao.

Sasa barua za mapendekezo, ambazo naziona ndizo kiini cha maombi ya sayansi. Waamuzi wanajua kwamba mwanafunzi atajisifu; wanachotaka ni neno la aliyekuona ukifanya kazi. Mhadhiri anayefundisha darasa la watu mia tatu hawezi kuandika lolote la maana kukuhusu kama hujawahi kwenda ofisini kwake. Barua yake itasema ulihudhuria vipindi na una tabia njema, na barua ya namna hiyo inakushusha badala ya kukuinua. Kwa hiyo maandalizi ya barua huanza mwaka wa pili: kuuliza swali baada ya kipindi, kuomba kusaidia maabara, kuchagua mradi wa mwaka wa mwisho chini ya msimamizi anayejali, kurudi na taarifa ya fildi na kuomba aisome. Wakati wa kuomba ukifika, nenda mwenyewe kwa adabu, mpe majuma matatu au zaidi, umwachie wasifu wako, transkripti, maelezo ya kozi unayoiomba na tarehe ya mwisho. Muulize waziwazi, "Mwalimu, unadhani una ya kutosha ya kuniandikia?" Akisitasita, mshukuru umtafute mwingine. Omba pia anwani yake ya barua pepe ya chuo, kwa sababu mifumo mingi humtumia kiungo moja kwa moja na baadhi haikubali anwani za bure. Kumbuka wahadhiri husafiri na wana mitihani ya kusahihisha. Ujumbe wa kumkumbusha wiki moja kabla si utovu wa nidhamu.

Hayo yakiwa njiani, kaa chini uchague unachoomba kulingana na ulipo. Anayetoka kidato cha sita na ufaulu wa juu katika tahasusi za sayansi autazame Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliodahiliwa vyuo vya ndani katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Huu haurejeshwi kama mkopo. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza, unaoitwa MEXT, unapitia ubalozi, na mwombaji wa sayansi hufanya mtihani wa Kiingereza, hisabati na masomo ya sayansi. Mitihani ya miaka iliyopita imewekwa wazi mtandaoni. Ipakue uifanye kwa saa na kwa kalamu, maana hisabati yake haifanani na tuliyoizoea kwenye mitihani ya NECTA hata pale mada zinapofanana.

Kwa mwenye shahada ya kwanza, nawasihi wanahisabati na wanafizikia waangalie vituo viwili ambavyo hapa havizungumzwi inavyostahili. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na ambayo ina kituo hapa jirani Rwanda, hutoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati ikigharamia masomo, malazi na chakula. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, ilianzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu hizi, na ina diploma ya mwaka mmoja ya fizikia na hisabati kwa ufadhili kamili. Kijana mwenye akili ya hisabati kali ambaye baba yake anauza alizeti Singida hana sababu ya kudhani milango hiyo ni ya wengine. Wanawake wanaotaka shahada ya uzamivu wautafute mpango wa OWSD, shirika la wanawake wanasayansi ambalo nalo liko Trieste. Na usisahau Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambako unaweza kufika kwa basi.

Soma sifa kabla ya kuota. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Kozi za maendeleo za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinazoitwa EPOS, nazo zinataka uzoefu wa miaka miwili, na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isizidi miaka sita. Anayemaliza mwaka huu asipoteze bando huko. Programu nyingi za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya hazitaki uzoefu wa kazini, ila fahamu kwamba zile euro 1,400 za kila mwezi ndani yake mna nauli, viza na makazi. Maana yake tiketi ya kwanza huenda ukainunua wewe.

Kiingereza kimewatoa watu fedha nyingi bila sababu. Matokeo ya mitihani ya kupima Kiingereza, IELTS na TOEFL, hudumu miaka miwili, na ada yake ni kubwa kwa mwanafunzi. Kabla ya kulipa, andikia kozi uulize kama wanapokea barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi vinaipokea.

Barua ya maelezo binafsi ni sehemu ninayotaka uitumie muda wako mwingi, na ndiyo maana nimesema karatasi zitangulie. Usianze na kuipenda sayansi tangu utotoni. Kila mwombaji anaandika hivyo. Anza na swali ambalo unaweza kulishika. Mkoa huu umejaa maswali. Maji ya jiji hili kwa miongo mingi yametegemea visima vya Makutupora, Mzakwe. Kumbukumbu za kina cha maji ya huko, za zaidi ya miaka 50, zimetumika katika utafiti wa kimataifa ulioonyesha kwamba hifadhi ile ya maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na siyo na mvua za kila mwaka. Mwanafunzi wa takwimu anayeandika kwamba anataka kujifunza namna ya kukadiria matukio adimu, kwa sababu mji unaokua kwa kasi unakunywa maji yaliyoletwa na matukio hayo adimu, amekwisha kumfanya mwamuzi akae wima. Mhandisi wa udongo anayo makorongo ya Kondoa, ambako mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza kupambana na mmomonyoko mwaka 1973. Eleza ulichokwisha kufanya hata kama ni kidogo: ulipima nini, kwa kifaa gani, ukapata nini, kipi hukuelewa. Kutokuelewa kulikoelezwa vizuri kunawavutia wanasayansi.

Kuhusu fedha, tenga za nauli ya Dar es Salaam, picha, viapo na vipimo vya afya. Treni ya umeme tangu 2024 imerahisisha kwenda ubalozini na kurudi. Malipo halali ya ofisi za serikali, kama ada ya fomu ya mkopo, hupitia kontroo namba. Mtu akikutaka utume "ada ya kuharakisha" kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, huyo ni tapeli, hata kama ameweka nembo ya wizara kwenye picha yake. Hakikisha tangazo lenyewe liko kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu, ya ubalozi au ya chuo husika.

Mtumishi wa umma, na Dodoma wamejaa, aombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla, asisubiri barua ya kukubaliwa. Mwenye deni la Bodi ajue kwamba kupata ufadhili hakulifuti.

Angalia pia saa. Maombi yakifungwa saa 6 mchana kwa saa za kimataifa za GMT, hapa ni saa 9 alasiri. Wapo wanaosoma 12:00 wakadhani ni usiku, wakafungua kompyuta jioni na kukuta mlango umefungwa. Tuma siku mbili kabla, umeme na mtandao vikiwa vinakubali, kisha hifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Ukishatuma, usibadilishe laini ya simu. Kama unarudi kijijini ambako mtandao ni wa kupanda kilimani, iache namba ya pili ya ndugu aliyeko mjini, umfundishe kufungua barua pepe yako kila siku na kuangalia hadi kwenye kapu la barua taka, kwa sababu mwito wa usaili mara nyingi hutoa siku chache tu za kujibu.