Kulungu wa kwanza: jiandae kabla ya Novemba

Ndugu zangu mnaotaka kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza hapa Minnesota, msingoje Novemba ifike. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 kwa kawaida hutakiwa awe na cheti cha usalama wa silaha ndipo anunue leseni, kwa hiyo anzeni na mafunzo hayo.

Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha, na risasi zilezile utakazowindia. Ukibadilisha aina ya risasi, shabaha nayo huhama. Usizoee kuegemea meza tu. Piga goti, keti chini, kama utakavyokuwa porini. Lenga nyuma kidogo ya bega mnyama akikupa ubavu, maana hapo ndipo penye moyo na mapafu, naye hufa upesi bila kuteseka. Akisimama vibaya, mwache aende. Nasisitiza: mwache.

Upepo uwe unatoka kwake kuja kwako, la sivyo atakunusa kabla hujamwona.

Ukipanda jukwaa la mtini, funga mkanda wa usalama kabla mguu haujaacha ardhi. Bunduki ivute kwa kamba baadaye, ikiwa haina risasi. Wawindaji wengi huumia kwa kuanguka, si kwa risasi. Kofia na fulana ya rangi ya chungwa kali zisikosekane.

Ukishampiga akakimbia, tulia kama nusu saa ndipo ufuate damu. Ukimkurupusha mapema, atakwenda mbali akiwa na maumivu.