Siku moja Goma: ibada, kutafuta makopo, kisha ziwa

Panga siku yako ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Ziwa Kivu, ukirudi nyuma hadi asubuhi. Vikundi vingi huogelea kwanza ili kukwepa jua, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kama mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hujaa kwenye mabonde hadi ukingo wa maji. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Basi majini ni saa tano hadi saa saba mchana, ibada ni asubuhi, na makopo, yaani mchezo wa kutafuta kwa GPS ya simu makopo yaliyowekwa mjini, yanakaa katikati.

Watu ishirini wanatosha, makundi manne ya watano. Wakizidi hapo, kuhesabiana majini kunakuwa kazi. Kila mtu abebe kitambulisho. Kama siku yenyewe ni Jumamosi, ulizeni kwanza kama kuna salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mji.

Pa kuanzia ni pale penye kanisa kuu la Saint-Joseph. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikaliharibu kanisa hilo, ikaendelea hadi ziwani. Kutoka hapo nendeni parokia moja ya Kiprotestanti na msikiti mmoja, kila mahali dakika arobaini. Mwandikieni padri, mchungaji na imamu wiki moja kabla, mkitaja idadi ya watu na saa. Jumapili asubuhi msiwasumbue, wala Ijumaa adhuhuri. Mabega yafunikwe, msikitini viatu vivuliwe na wamama wajifunike kichwa. Nguo za kuogelea zibaki mfukoni mpaka ziwani.

Katika nyumba za ibada msifiche kitu chochote. Tumieni maswali: milango ya mbele ni mingapi? Jibu liwe tarakimu inayokosekana katika namba za GPS za kituo kinachofuata. Sanamu ya tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale rond-point (mzunguko wa barabara) nayo inafaa kwa swali, na haihitaji kopo.

Mchezo wenyewe, jiokashi, ulianza Marekani mwezi Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kupotosha kwa makusudi ishara za GPS za raia. Simu ya kawaida inatosha, na GPS haihitaji mtandao. Pakueni ramani usiku kabla ya safari. Kinachoharibu mchezo ni namba. Wachezaji huandika digrii na dakika, kwa mfano S 1° 41.100', E 29° 13.200'. Ramani nyingi za simu zinataka digrii tupu: -1.685, 29.220. Gawanya dakika kwa 60, kisha jumlisha na digrii; S, yaani kusini, huwekewa alama ya kutoa. Ukiingiza -1.411 na 29.132 kwa haraka, simu itakupeleka karibu kilomita 30 kaskazini, upande wa volkano ya Nyamulagira. Ukisahau alama ya kutoa, umevuka ikweta, uko mkoa wa Ituri.

Elfu moja ya dakika ni kama mita 1.85, lakini simu yenyewe hukosea mita 5 hadi 10, na zaidi kati ya kuta na mabati. Umbali kwenye simu ukifika sifuri, tafuteni katika duara la mita kumi. Dira ya simu msiiamini juu ya lava, kwa sababu mawe hayo yana madini ya chuma yanayovuta sumaku. Tembea hatua ishirini bila kusimama, GPS ikuonyeshe mwelekeo wako kwa mwendo.

Kopo liwe la plastiki linaloonyesha kilicho ndani, kama la mayonezi la nusu lita, limeandikwa “MCHEZO” kwa herufi kubwa. Ndani mna karatasi na penseli, maana wino huyeyuka kwa unyevu. Chuma, waya na utepe mweusi havitakiwi kabisa: katika mji uliopigwa mabomu, kifurushi kisichoeleweka huleta hofu ya haki. Msichimbe, na kopo likae juu ya jiwe mahali linapoonekana. Mkono usiingie mahali jicho halijaingia. Mkiona chuma msichokijua, rudini kwa njia mliyojia, mkamwambie mkuu wa mtaa.

Ziwani chagueni ufuko ulio wazi, wenye upepo, ambao wavuvi wa hapo wanautumia. Waulizeni. Mashimo ya mazuku ya upande wa Sake, mji ulio magharibi mwa Goma, yana sifa mbaya. Mijusi au ndege waliokufa na majani makavu ni onyo, ondokeni. Jaribio la mshumaa, la kuona kama utazimika, halina maana: hewa ikiwa na kaboni dioksidi asilimia 10 oksijeni bado ni karibu 19, mwali unaendelea kuwaka, lakini mtu anaanguka. Akianguka mtu shimoni, msimfuate. Wa pili naye hufa hapo hapo.

Vaeni sandali za plastiki, lava hukata miguu. Chini hushuka ghafla, kwa hiyo wasiojua kuogelea wabaki maji yakiwa kiunoni. Kila kundi liwe na bidoni (dumu) tupu ya lita 20 iliyofungwa kizibo vizuri, pamoja na kamba ya mita 15, ya kumrushia anayezama. Wawili wawili, filimbi kila dakika kumi, kila mtu ataje namba yake. Maji yasimezwe, kipindupindu kipo. Radi ikisikika, wote nje.

Makopo yakusanywe siku hiyo hiyo, yahesabiwe dhidi ya orodha, kabla ya pikipiki za kurudi kuitwa.