Namna ya Kusoma Anthropolojia katika Shahada ya Kwanza

Wengi wanaoanza shahada ya kwanza ya anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na tamaduni zao, hudhani kwamba kazi yao ni kukariri mila za watu wa mbali, ilhali kazi hasa ni kujifunza kutazama. Kwa hiyo, tangu muhula wa kwanza, chagua mahali pamoja unapopita kila siku, iwe stendi ya daladala au kibanda cha mama ntilie, ukae hapo saa moja kila wiki ukiwa na daftari. Andika kwanza uliyoyaona na kuyasikia, kwa maneno yaleyale ya wasemaji. Fikra zako ziweke ukurasa wa pili, maana ukichanganya hayo mawili hutaweza baadaye kujua lipi lilitokea na lipi ulilidhania. Kamilisha maandishi hayo kabla hujalala.

Nadharia zisome pamoja na historia yake. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, huko bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyemfundisha Jomo Kenyatta huko London katika miaka ya 1930. Kenyatta naye akaandika juu ya Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Jiulize kila mara ni nani anayeandika juu ya nani, na kwa lugha ya nani, hata kama swali hilo litawachosha wenzako darasani.

Kwa utafiti wa mwaka wa mwisho, shughulikia kibali mapema kupitia chuo chako, na uombe ridhaa ya kila unayemhoji kwa lugha anayoielewa.