Bwawa la nyumbani Maskati lisigeuke supu: namna ya kupoza maji kwenye fukuto

Ndugu zangu wa Dar na Unguja wananicheka kila nikiwaambia huku kwetu watu wananunua mashine ya kupoza bwawa. Wanauliza, sasa bwawa si ndo lenyewe la kupozea? Haya njooni Maskati mwezi wa sita mtumbukize mguu saa nane mchana. Maji yanafika 35, 36, na bwawa linalopigwa jua kutwa nzima linagusa 37, yani joto la mwili wako mwenyewe, unaingia unatoka husikii kitu, na jasho linakutoka ukiwa humohumo ndani. Usiku nao si wa kutegemea. Quriyat hapo jirani, tarehe 26 Juni 2018, joto la hewa halikushuka chini ya 42.6 mchana kutwa usiku kucha, na ile ilikuwa rekodi ya dunia.

Kwahiyo kama una bwawa nyumbani, au kwenye shamba lako kule Barka, soma hapa kwanza kabla hujatoa riyali mfukoni, mana mie nlitoa mapema nikajuta.

Kosa langu lilikuwa kununua kile kipoza cha feni. Ni kama pipa refu hivi, maji yanapandishwa juu, yanadondoka kama mvua ndani yake huku feni inavuta hewa, yanarudi bwawani yamepoa. Bei nafuu, umeme kidogo, muuzaji akaniapia kabisa kwamba maji yatashuka mpaka 26. Hakusema uongo, ila alikuwa anaongelea sehemu kavu. Ule ni mtungi wa bibi tu. Unakumbuka mtungi wa udongo, siku ya upepo mkavu maji yake baridi mpaka meno yanauma, siku ya fukuto yako vilevile kama ulivyoyamimina? Maji yanapoa kwa kugeuka mvuke, na hewa ikishashiba mvuke haina pa kuubeba. Hewa ya digrii 42 yenye unyevu asilimia 15, kama ya Nizwa au Ibra mchana, kule bara mbali na bahari, inaweza kuyashusha maji karibu na 22. Ya pwani yenye 34 tu lakini unyevu asilimia 70 inagota kwenye 29, na hapo nasema kwa hesabu, kwenye bwawa halisi lenye jua juu yake usitegemee kufika huko. Langu lilitoka 36 likaja 33, likaganda hapo msimu mzima.

Usiniamini mimi, jipimie mwenyewe. Chukua kipimajoto cha kawaida, funga kitambaa kibichi cha pamba kwenye ncha yake, weka mbele ya feni nje kivulini dakika tano au kumi mpaka namba itulie. Hiyo namba ndo mwisho ambao kipoza chochote cha feni, chemchemi au maporomoko ya mapambo kinaweza kukufikisha, hakuna dua wala fundi atakayeishusha zaidi. Pima alasiri, pima na usiku, fanya hivo siku kadhaa za mwezi wa saba. Ikija 22 nunua feni ule raha, wenzetu wa bara wanafaidi. Ikija 28 au 29 achana nayo, unahitaji mashine yenye kompresa, ile mafundi wanaiita chila, inafanya kazi kama AC ila badala ya kupoza hewa inapoza maji.

Lakini subiri, usikimbilie dukani. Kwanza zuia joto lisiingie.

Tuchukue bwawa la mita 8 kwa 4, kina wastani mita moja na nusu. Hilo lina maji mita za ujazo 48, na kulishusha digrii moja tu inabidi utoe joto la kama yuniti 56, yuniti kama hizi za umeme. Jua la kiangazi hapa linamwaga kama yuniti 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku, zidisha kwa mita 32 za uso wa bwawa unapata zaidi ya 200, na sehemu kubwa inabaki ndani ya maji. Maana yake kila siku jua linakurudishia digrii tatu na kitu za kazi ya mashine. Sasa ukiweka kivuli juu, ule wavu mzito wa kivuli wanaofunika maegesho ya magari, unakata sehemu kubwa ya huo mzigo bila kulipa umeme hata baiza moja. Funga juu kabisa, mita mbili na nusu au tatu, hewa ipite chini yake. Ile plastiki yenye mapovu inayolazwa juu ya maji usiiguse kiangazi, yenyewe inazuia maji yasitoe mvuke na inafungia joto ndani, ni ya baridi ile.

Kuna na wale wa barafu. Kila mwaka utaona mtu anashusha mabonge ya barafu bwawani Ijumaa asubuhi wageni wakija, picha nzuri, watoto wanashangilia. Kushusha hilo bwawa digrii MOJA unahitaji barafu zaidi ya kilo 400. Piga hesabu mwenyewe ya digrii saba.

Haya, ukubwa wa mashine. Chila inapimwa kwa tani kama AC, tani moja ni BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), yani kama kilowati tatu na nusu za joto. Ya tani 5 inatoa yuniti 17 na ushee za joto kwa saa, na yenyewe inakula umeme kama theluthi yake, tuseme 6. Kwa bwawa la mfano wetu likiwa na kivuli inatosha, bila kivuli itakuwa inapigana na jua tu kutwa nzima na bili inapanda, na huku umeme unavotumia zaidi ndo na bei ya yuniti inapanda ngazi. Muulize muuzaji namba ya nguvu yake hewa ikiwa na digrii 46, sio 35. Mashine nyingi zinaandikwa nguvu zake kwa 35, ukifika mwezi wa sita inapungua vibaya au inajizima kabisa kwa presha. Tafuta iliyoandikwa T3, hiyo imepimwa kwa joto la huku. Na muulize mahali maji yanapopitia ndani pametengenezwa na nini, akisema titani sawa, akisema shaba kataa, klorini itaila, na kama bwawa lako ni la chumvi ndo haraka zaidi.

Kufunga ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni, hapa sina mjadala. Maji na umeme, watoto wanatoka wamelowa wanakanyaga huku na huku, lazima kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliamp 30, na waya wa ardhi. Mashine ikae mbali na ukingo, mie nimeweka mita 4. Chila inakuja baada ya pampu na filta, na kifaa cha kutia klorini kiwe BAADA ya chila sio kabla, mana klorini kali ikikaa kwenye bomba pampu ikiwa imezimwa inarudi kula mashine. Mwambie fundi aweke na njia ya pembeni yenye valvu tatu, ili mashine ikiharibika maji yaendelee kuzunguka.

Mafundi wengi wanaharibu kwenye nafasi ya hewa. Wanaibana kwenye kona nyuma ya ukuta ili isionekane, mama mwenye nyumba anafurahi, alafu hewa moto inayotoka inazunguka inarudi kuingia mulemule. Iachie nafasi pande zote, na kama feni yake inapuliza juu usiweke paa juu yake. Kivuli kwa pembeni ruksa.

Ikishawaka usishtuke. Siku ya kwanza nliweka mkono kwenye maji yanayorudi bwawani nikaona tofauti hakuna, nikampigia fundi kwa hasira. Tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka ni kama digrii mbili tu, na hivo ndo inavotakiwa, ikiwa kubwa sana ujue maji yanapita kidogo, filta imeziba. Kutoka 36 mpaka 29 mashine ya tani 5 itachukua siku moja na nusu mpaka mbili mfululizo, kwahiyo wageni wa Ijumaa washa Jumatano asubuhi. Ukishafika hapo, weka taimeri iwake saa mbili usiku izime saa kumi na mbili asubuhi, hewa ya usiku si moto kama ya mchana na mashine inahema vizuri.

Weka 29. Najua unataka 25, usijaribu, na si bili peke yake. Kwenye fukuto la kweli, hewa ya hapa ina mvuke mwingi kiasi kwamba maji yakishuka mpaka 26 au 27 yanakuwa kama gilasi ya maji baridi mezani, ile inayotoka jasho kwa nje. Mvuke unatua juu ya bwawa na kuacha joto lake humo. Unalipa kupoza maji, hewa inakurudishia bure. Kwa sababu hiyohiyo zima chemchemi na maporomoko chila ikiwa kazini usiku wa unyevu, mana maji yakiwa chini ya ile namba ya kitambaa kibichi, kuyarusha hewani kunayapasha. Pia chemchemi na maporomoko hayo yanapandisha pH, yani kile kipimo cha asidi ya maji, utakuwa unatia asidi kila siku.

Maji ya kujazia nayo angalia. Tanki la juu ya paa saa tisa mchana ni birika, jazia alfajiri.

Utunzaji ni kidogo lakini usiruke. Vumbi na chumvi ya bahari vinaziba mapezi ya mashine, vile vibati vyembamba hewa inapopita, osha kila wiki mbili kwa mpira wa maji ya kawaida, presha ndogo, ya juu inayakunja. Klorini usilegeze, maji ya moto yanaila haraka na ukijani unaota usiku mmoja, iwe kati ya 1 na 3 ppm (miligramu kwa lita), pH 7.2 mpaka 7.6, pima kila siku kiangazi.

Na ukikuta maji chini ya mashine usianze kumwita fundi. Bomba baridi la gesi ya kupozea ndani ya mashine kwenye unyevu huu linatoka jasho sana, mara ya kwanza nlidhani imepasuka. Chukua kijikaratasi cha kupimia klorini, chovya kwenye hayo maji, kikibaki cheupe ni jasho tu endelea na mambo yako, kikibadilika rangi ni maji ya bwawa, hapo zima mashine, fungua njia ya pembeni, ndo umpigie.