Somo: Mihuri ya bamba la jeli kwa ndala chakavu na vipande vya nyavu

Wengi mmeniomba somo hili tangu tulipoyeyusha jelatini na glisarini tukamimina mabamba yetu, yale laini tunayoyapaka rangi kisha tukalaza karatasi juu yake ili kupata picha. Bamba sasa unalo, ila kila karatasi inatoka rangi tupu. Dawa yake ni mihuri, na sisi wa Mwanza hatuna haja ya kuinunua.

Kwanza shikeni jambo moja, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Muhuri wa ofisini hupeleka wino kwenye karatasi. Wetu unafanya kinyume: unaugandamiza kwenye rangi mbichi iliyopakwa juu ya bamba, nao unaiondoa. Palipoinuka kwenye muhuri pataacha weupe au rangi hafifu. Ulipochimba, rangi inabaki, na hiyo ndiyo itakayohamia kwenye karatasi. Ukitaka sato wa bluu, mchimbe sato mwenyewe. Ukitaka sato mweupe kwenye maji ya bluu, chimba pembeni umwache yeye amesimama.

Muhuri wa ndala. Chukua ndala nene, laini, iliyokatika mkanda. Isugue kwa brashi na sabuni, iache ikauke, kisha kata kipande cha sentimita 6 hivi kila upande. Chora kwa biki, halafu chimba kwa wembe ulioulaza kama unavyomenya embe, kina cha milimita 2 au 3 kinatosha. Usikate wima ukaacha ukuta mwembamba, kwa sababu ukigandamiza utalala na mchoro utapotea. Tazama pia upande wa chini wa ndala: vile vijistari na viduara vya kuzuia kuteleza ni muhuri tayari. Mara nyingi mimi siviongezi kitu.

Muhuri wa wavu. Waombe mafundi wa nyavu kule Mwaloni, Kirumba, vipande wanavyokata. Fua mara 2, la sivyo picha zako zitanuka dagaa. Zungushia kibao na uvute mpaka ukaze; wavu uliolegea huburuza rangi. Gundisha nyuma kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka isinase kwenye kidole, ndipo ubane. Gundi nyeupe ya karatasi hulainika unapoosha muhuri.

Tafadhali, msitumie misumari. Nilipiga mmoja tu, kichwa chake kikachungulia, kikachana bamba langu katikati. Ilinibidi niliyeyushe lote na kulimimina upya. Niliumia, kwa sababu lilikuwa limetoka laini kama kioo.

Boksi nalo: lowesha, bandua karatasi ya juu mpaka mawimbi yaonekane, likikauka lipake vanishi.

Kuchapa: dondosha rangi ya akriliki kidogo kwenye bamba, sambaza kwa rola iwe tabaka jembamba, gandamiza muhuri kwa kiganja, uinue wima bila kuuzungusha. Laza karatasi, sugua, vuta. Kaeni kivulini na msilegee, maana upepo wa ziwani hukausha akriliki upesi. Na ile rangi iliyoshika kwenye muhuri usiioshe kwanza. Igonge kwenye karatasi nyingine, utapata picha ya pili yenye sura ya kinyume.

Maswali ya wanakikundi

Shikamoo mwalimu. Nataka kuchonga neno MWANZA. Nigeuze herufi?

Marahaba. Usigeuze. Zichonge kama zinavyosomeka. Kwenye bamba zitageuka, kwenye karatasi zitarudi sawa. Ila kumbuka, ukigonga muhuri huohuo moja kwa moja kwenye karatasi, neno litasomeka kinyumenyume.

Dada, magamba ya sangara yanafaa? Huku kwetu Igombe yamejaa.

Yanafaa sana, ila kingo zake zitakata bamba. Yaoshe, yakaushe, yabandike kwenye boksi yakipandana kama vigae, kisha yafunike kwa gundi ya mbao tabaka 2 mpaka ukipitisha kidole usisikie ncha. Malizia na vanishi.

Nimejaribu kuchapa majabali kama ya Bismarck, yale mawe ya ziwani hapa Mwanza, yanatoka kama mabonge ya ugali. Nifanyeje?

Usichonge jiwe. Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, ikung'ute vizuri nje ya nyumba, ifinyange mkononi, ifungue, ibandike kwenye boksi na mikunjo yake. Anza na rangi ya kijivu, ikikauka kwenye karatasi chapa kahawia juu yake ukiwa umeugeuza muhuri robo mzunguko.