Kabla ya kumfuata kitwitwi mgeni Tshangalele

Habari ikikufikia jioni kwamba Calidris melanotos, kitwitwi mgeni, ndege mdogo wa kwenye tope, ameonekana kwenye ziwa Tshangalele, huko Katanga nchini Kongo, usiwashe gari kabla hujajiuliza kama unawajua vizuri vitwitwi wanaofika kila mwaka. Melanotos huzaliana kwenye tundra, nyanda baridi zisizo na miti, za Siberia na Amerika Kaskazini, kisha wengi wao hushukia Amerika Kusini. Anayefika Afrika amepotea njia.

Anayewakosesha watu ni Calidris pugnax, ndege wa kawaida kwetu. Kinda wake ana umbo karibu lilelile, na miguu yake inaweza kuwa na umanjano pia. Basi tazama kifua. Melanotos ana michirizi ya kahawia inayokatika ghafla, na hapohapo tumbo jeupe linaanza kama limepigwa rula. Pugnax hana mpaka huo. Rangi ya shingo yake hufifia polepole kuelekea tumboni. Usipouona mpaka, usitangaze. Piga picha kwanza, hata kama ni ya simu iliyoegeshwa kwenye darubini. Maneno matupu hayamshawishi mtu aliyebaki mjini, na mimi ni mmoja wao.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuwa tayari: kiangazi kinaisha, tope liko wazi, na ndege wa kaskazini wanaingia. Mvua zikishika, njia ya kutoka Likasi inakuwa habari nyingine. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120. Weka pesa ya peaji, yaani ushuru wa barabara, karibu na mkono.

Barua ya ruhusa ibebe, na nakala mbili. Ukifika, salimia kwa papa shefu, mkuu wa kijiji, kabla ya kusimamisha darubini, umweleze unatafuta nini. Usiielekeze kamwe upande wa bwawa la Mwadingusha: ni mtambo wa umeme, na mlinzi hatajali kifua cha ndege. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, maana mto Lufira unapokea uchafu wa viwanda vya madini. Wavuvi uwaulize kwa heshima. Wao ndio wanaojua tope linalobeba mtu na lile linalommeza.

Mgeni akikosekana, pita kwenye matete umtafute Ploceus ruweti, mnana ambaye wanasayansi walimpata hapohapo Tshangalele mwaka 1960. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kwanza kutafutwa.