Kuchonga ulimi wa obo ukiwa Mombasa

Zumari linalolia kwenye harusi zetu za pwani na obo, ala ya kupuliza ya okestra, ni jamaa moja: vyote hulia kwa vipande viwili vyembamba vinavyopigana katikati ya midomo. Vipande hivyo ndivyo ulimi, na wa obo hutokana na tete liitwalo Arundo donax, na lenye sifa kubwa hukua Var, kusini mwa Ufaransa. Mimi hununua lililokwisha kupunguzwa unene na kukatwa umbo. Anayeanza asihangaike na mashine za kazi hizo.

Loweka. Maji ya vuguvugu, dakika 15 hadi 20. Tete kavu hupasuka.

Funga. Kunja tete katikati, uchomeke ncha zake kwenye kibomba, yaani kile kineli kinachoingia kwenye obo, cha milimita 47, urefu wote ufike 72 hivi. Zungusha uzi wa nailoni ukipanda kuelekea mdomo wa kibomba. Kingo za tete zifumbane mzunguko mmoja au miwili kabla uzi haujafika mwisho wa kibomba, na hapo ugeuke. Uzi ukivuka hapo umeukaba ulimi koo, na kisu hakitakusaidia. Fungua uanze upya.

Kwangua. Kata ncha midomo iachane, penyeza kibati, kipande chembamba cha kuzuia kisu kisitoboe, katikati. Mimi hukwangua milimita 11 hivi kutoka nchani: ncha nyembamba kabisa, na nyuma yake moyo ulioachwa na nyama. Kisu kiwe kimenolewa vizuri. Kikiwa butu hurarua nyuzi za tete. Kisha uache mpaka kesho. Tete jipya bado linajipanga, na ulimi unaomalizwa siku moja hukugeuka. Mimi hutumia siku tatu.

Na hewa yetu hii ya bahari inadanganya. Ulimi hukaa umejaa unyevu, umefunguka, unaitika kwa ukarimu. Niliwahi kupanda treni kwenda Nairobi na ulimi mmoja tu, mzuri ajabu hapa nyumbani. Kule juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ulifumba ukawa mgumu, noti za chini zikagoma mbele za watu. Iliniuma sana. Siku hizi hubeba zisizopungua tatu, moja nyepesi kuliko nipendavyo, na kisu mkobani.

Upime. Ulowanishe, utie mdomoni peke yake, puliza bila kubana. Usikilize noti ya C, ya juu na ya chini zikilia pamoja. Sauti ikiwa juu mno, bado mnene: endelea kukwangua. Ikiwa chini na inapayuka, umepitiliza: kata ncha robo milimita, upime tena. Sasa uweke kwenye obo, ulize C ya chini kwa pumzi ndogo, bila kugusa kwa ulimi wa kinywani. Ikichelewa kutoka, punguza pembe mbili za ncha, si moyo. Ikitoka papo hapo, weka kisu chini, hata kama jicho linaona pa kulainisha.

Uhifadhi kwenye kikasha chenye matundu. Ukiufungia ndani ya kichupa kwa joto letu, utaukuta na ukungu.